Vigae vyalindwa, wenye bucha waaga: Hatima ya soko la nyama la Smithfield

KURA iliyopigwa Novemba 26, 2024 na Baraza la City of London, mamlaka inayosimamia sehemu ya kale ya kibiashara ya jiji la London, ilitamka hadharani jambo ambalo lilikuwa likisemwa kwa minong'ono kwa miaka mingi: Smithfield haitaendelea kuwa soko la nyama. Wafanyabiashara waliahidiwa fidia na kuelezwa kwamba wanaweza kubaki hadi angalau mwaka 2028. Mpango wa kuwajengea soko jipya Dagenham, mashariki mwa jiji, ulitupwa kando kwa sababu ya kupanda kwa gharama za ujenzi.

Jambo moja halikuwa na utata katika uamuzi huo. Jengo lenyewe halitaguswa na tingatinga. Nguzo zake za chuma cha kusubu zilizopakwa rangi za zambarau, buluu na kijani, mazimwi yake yanayobeba nembo ya City, pamoja na sanamu zinazowakilisha London, Dublin, Edinburgh na Liverpool kwenye lango la barabara yake ya katikati, vyote vinalindwa na sheria. Majengo mawili ya kati yameorodheshwa katika daraja la pili lenye nyota, ambalo ni la juu sana katika mfumo wa Uingereza wa kulinda majengo ya kihistoria.

Kitakachoondoka ni nyama na watu wake. Hapo ndipo palipo kiini cha mjadala ambao umekuwa ukiendelea katika miji mingi ya Ulaya kuhusu mabucha na masoko ya nyama yaliyopambwa: je, kinacholindwa ni ukuta, au ni kazi iliyoufanya ukuta huo ujengwe?

Mahali penyewe pana historia ndefu na ya damu, na si damu ya ng'ombe pekee. William Wallace, shujaa wa Scotland, aliuawa hapo mwaka 1305. Wat Tyler, kiongozi wa uasi wa wakulima, aliangukia hapo mwaka 1381. Mifugo ilikuwa ikiuzwa kwenye uwanja huo tangu karne ya 12, na mwaka 1327 Mfalme Edward wa Tatu aliipa City haki ya kusimamia masoko, haki ambayo mamlaka hiyo imekuwa ikiitegemea hadi leo.

Kufikia karne ya 19, ng'ombe waliokuwa wakiswagwa katikati ya mitaa yenye watu wengi walikuwa kero isiyovumilika. Charles Dickens aliueleza uchafu wa soko hilo katika riwaya yake Oliver Twist. Mwaka 1852 Bunge lilipitisha sheria ya kuondoa mifugo hai, na mwaka 1855 biashara hiyo ikahamishiwa Islington. Sheria nyingine ya mwaka 1860 ikaipa City jukumu la kujenga soko la nyama iliyokwisha kuchinjwa. Kazi ya kulichora alipewa Horace Jones, msanifu ambaye baadaye angeshiriki katika usanifu wa daraja mashuhuri la Tower Bridge. Soko lilifunguliwa Novemba 24, 1868, likiwa na reli chini ya sakafu yake ili nyama kutoka mikoani ishushwe moja kwa moja bila kupita barabarani.

Msomaji wa leo aliyezoea bucha la mtaani lenye meza ya saruji na kipande cha wavu dirishani anaweza kushangaa kwa nini watu wa zama hizo waliigharimia nyama mapambo kiasi hicho. (Neno bucha lenyewe, kwa bahati, Waswahili walilipata kutoka kwa Waingereza haohao.) Jibu halikuwa anasa tupu.

Katika nusu ya pili ya karne ya 19, wakazi wa miji ya Ulaya walikuwa wameanza kuogopa nyama. Magonjwa ya mlipuko yalikuwa yamewafundisha kuhusisha harufu mbaya na kifo, na baadaye sayansi ya vijidudu ikawapa sababu mpya ya kuogopa. Kigae kilichopakwa ng'aro kilikuwa jawabu: hakinyonyi damu, kinaoshwa kwa maji na brashi, na hakishiki harufu. Meza ya marumaru ilibaki baridi hata wakati wa kiangazi. Machujo ya mbao yalimwagwa sakafuni ili kunyonya majimaji, kisha yakafagiliwa jioni. Ndoano zilipangwa kwenye vyuma virefu mbele ya duka, na katika maduka mengi ya Ufaransa sehemu ya mbele ilizibwa kwa nondo badala ya kioo ili hewa ipite. Hata mtunza fedha alijengewa kibanda chake cha mbao, ili mkono ulioshika nyama usishike sarafu.

Ukishakubali gharama ya kigae kwa ajili ya usafi, kukipamba ni hatua ndogo. Viwanda vya Uingereza kama Doulton na Minton vilikuwa tayari kuuza vichwa vya fahali, kondoo na nguruwe vilivyochorwa kwenye vigae. Ukumbi wa nyama wa duka kubwa la Harrods, uliopambwa na W. J. Neatby wa Doulton mwanzoni mwa miaka ya 1900, ndio mfano unaotajwa mara kwa mara, ingawa Harrods ilikuwa ikihudumia matajiri. La maana zaidi ni kwamba bucha la kawaida katika mtaa wa wafanyakazi nalo lilikuwa na ukuta wa vigae vya buluu na vyeupe, na kichwa cha fahali juu ya mlango. Mteja asiyejua kusoma aliona kichwa hicho akajua alipofika. Huko Paris, ambako nyama ya farasi iliruhusiwa kisheria mwaka 1866, kichwa cha farasi kilichopakwa rangi ya dhahabu kilimtahadharisha mnunuzi kwamba hapa haliuzwi paja la ng'ombe.

Kwa hiyo pambo lilikuwa tangazo, na pia lilikuwa ahadi ya usafi iliyoandikwa ukutani. Ahadi hiyo ilikuwa na maana kwa kadiri palivyokuwa na mtu nyuma ya meza wa kuitimiza.

Hapo ndipo sheria za urithi zinapopwaya. Mfumo wa Uingereza wa kuorodhesha majengo una nguvu kubwa juu ya mawe, chuma na vigae: mmiliki akibandua kigae cha kihistoria bila kibali anatenda kosa la jinai. Lakini mfumo huo hauna la kusema kuhusu anayepanga ndani. Tangu Septemba 1, 2020, kanuni za mipango miji za England zimeweka maduka, migahawa, ofisi na kumbi za mazoezi katika kundi moja, na kuhama kutoka matumizi moja kwenda mengine ndani ya kundi hilo hakuhitaji kibali cha mipango. Bucha linaweza kuwa mkahawa wa kahawa kati ya Ijumaa na Jumatatu. Kusema kweli, hata kabla ya hapo bucha na saluni vilihesabiwa kuwa kitu kimoja, yaani duka.

Mfano ulio karibu zaidi na Smithfield ni Leadenhall, ndani ya City hiyohiyo. Nalo ni kazi ya Horace Jones, lililojengwa mwaka 1881, na mmiliki wake ni City of London ileile. Lilikuwa soko la nyama, kuku na ndege wa porini. Leo paa lake la kioo na nakshi zake nyekundu na za dhahabu zinang'aa kuliko wakati mwingine wowote, na ndoano za kuning'inizia nyama bado zimepangwa juu ya madirisha. Chini yake watumishi wa kampuni za bima hunywa divai baada ya kazi, na watalii huja kupiga picha kwa sababu mahali hapo palionekana katika filamu ya kwanza ya Harry Potter ya mwaka 2001. Safu za mabucha hazipo tena. Kwa vigezo vya wataalamu wa majengo, Leadenhall ni ushindi mtupu, na ni vigumu kuwalaumu, kwani jengo limesimama, limepakwa rangi na linalipa kodi.

Paris imejaribu njia mbili kwa wakati mmoja. Mei 1984 serikali ya Ufaransa iliorodhesha kwa mkupuo idadi kubwa ya maduka ya jiji hilo yenye mapambo, yakiwamo maduka ya mikate na mabucha. Katika mtaa wa Marais, kwenye kona ya rue Vieille-du-Temple, bado upo uso wa bucha la nyama ya farasi uliopambwa kwa vigae vidogo vidogo. Farasi hawauzwi tena hapo. Kwa hiyo miaka 20 baadaye jiji likaongeza silaha nyingine. Kuanzia mwaka 2004, kupitia mpango ulioitwa Vital'Quartier, kampuni ya umma ya Semaest ilipewa haki ya kununua vyumba vya maduka vinapouzwa katika mitaa iliyokuwa ikipoteza maduka ya mahitaji ya kila siku, kisha kuvipangisha kwa wenye kazi ambayo mtaa unaihitaji: mwoka mikate, mwenye bucha, muuza vitabu. Mpango wa miji wa mwaka 2006 nao ukapiga marufuku kugeuza maduka ya ghorofa ya chini kuwa ofisi au makazi katika mitaa maalumu.

Njia hiyo ni ghali, na inahitaji manispaa iliyo tayari kuwa mwenye nyumba. Hata hivyo ndiyo inayogusa kiini cha tatizo, ambacho ni kodi ya pango. Barcelona ililigundua hilo kwa uchungu. Sheria ya upangaji ya Hispania ya mwaka 1994 iliwapa wenye maduka wa zamani muda wa miaka 20 kabla kodi zao za kale hazijalinganishwa na bei ya soko. Muda huo ulikwisha Desemba 31, 2014, na maduka kadhaa ya karne nzima, yenye mbao na vioo vilivyochongwa, yakafunga milango. Manispaa ilikuwa na orodha ya maduka ya kulindwa, lakini orodha hailipi kodi.

Katika soko la Boqueria la jiji hilohilo tatizo lilikuja kwa mlango wa nyuma. Wateja walifurika kupita kiasi, ila wengi hawakuwa wakinunua nyama wala samaki. Walikuwa wakipiga picha. Mwaka 2015 manispaa ililazimika kuzuia makundi makubwa ya watalii kuingia asubuhi za siku za mwisho wa wiki, ili akina mama wa mtaani wapate nafasi ya kusogea mezani. Soko linalogeuka kuwa maonyesho hufika mahali ambapo muuza nyama huona heri akate matunda na kuyauza kwenye vikombe vya plastiki.

Smithfield haikufika huko, na sababu ni ya kuchekesha kidogo: hakuna mtalii anayeamka wakati wake. Biashara huanza saa nane za usiku, na jua linapopanda wafanyabiashara wengi huwa wanaosha sakafu. Wanunuzi ni mabucha ya mitaani, wapishi wa migahawa na wauzaji wa jumla. Mnyororo huo ndio unaofanya hatima ya soko hilo iwahusu watu ambao hawajawahi kuliona. Kampuni ya Dewhurst, iliyowahi kuwa na maduka ya nyama zaidi ya elfu moja nchini Uingereza, ilifunga maduka yake ya mwisho mwaka 2006 baada ya kubanwa na maduka makubwa. Bucha dogo la kujitegemea lililobaki haliwezi kununua shehena nzima kutoka kiwandani. Linahitaji mahali pa kuchagua mapaja mawili na mbavu nne kwa macho, na kupatana bei ana kwa ana.

Ingekuwa kosa kudhani kwamba majengo yenyewe yalinusurika kirahisi. Sehemu ya magharibi, inayojumuisha soko la jumla lililokamilika mwaka 1883, ilikuwa imeachwa tupu ikioza. Mwaka 2008 waziri wa serikali wakati huo, Hazel Blears, alikataa mpango wa kuibomoa na kujenga ofisi. Mpango mwingine, uliotaka kubakiza kuta za nje na kuchimbua ndani, ulikataliwa na Waziri Eric Pickles Julai 2014. Mara zote mbili waliopambana walikuwa wapenzi wa majengo, hasa taasisi ya SAVE Britain's Heritage na chama cha Victorian Society. Kazi yao ilikuwa kubwa na bila wao pangekuwa na vioo vya ofisi tu.

Lakini hoja yao ilikuwa ya usanifu, na mshindi aliyepatikana alikuwa wa aina hiyo. Mwaka 2015 jumba la makumbusho la London lilitangaza nia ya kuhamia katika majengo hayo. Jumba hilo, ambalo tangu mwaka 2024 linaitwa London Museum, lilifunga makao yake ya zamani Desemba 2022 na kupanga kufungua milango katika soko la jumla mwaka 2026, kisha kuendelea na soko la kuku baadaye. Bajeti iliyotangazwa ilikuwa pauni milioni 437. Katika mpango huo wageni watatazama kupitia dirisha treni zikipita chini ya ardhi, kwenye njia zilezile zilizoleta nyama.

Soko la kuku linastahili neno la ziada. Jengo la awali liliteketea Januari 1958 katika moto uliochukua siku kadhaa kuzimwa na kuua wazima moto wawili, kwani njia za chini zilizojaa mafuta ya nyama na vifaa vya kuzuia joto ziliwaka kama tanuri. Badala yake palijengwa mwaka 1963 jengo la zege lenye kuba jembamba lisilo na nguzo katikati, ambalo wahandisi walilihesabu kati ya makuba makubwa ya aina yake barani Ulaya. Halina nakshi za karne ya 19, na wapita njia wengi hawalitazami mara mbili. Liliorodheshwa mwaka 2000. Ni ushahidi kwamba hata katika miaka ya 1960 wauza nyama wa London walionekana kuwa watu wa kujengewa jambo la maana.

Je, wafanyabiashara wenyewe wanasemaje? Hapa picha inayopendwa na magazeti, ya wazee waliovaa makoti meupe wakitolewa kwa nguvu na matajiri wa City, haikai sawasawa. Kupitia chama chao walijadiliana na mamlaka na kukubaliana kuhusu fidia. Wengi wanajua kwamba malori ya friji yenye urefu wa basi hayafai katika mitaa iliyopimwa kwa ajili ya mikokoteni ya farasi. Ukarabati wa miaka ya 1990, uliofanywa ili kutimiza kanuni za usafi za Ulaya, ulikwisha kuifungia nyama nyuma ya vioo na vyumba vya baridi, na sehemu kubwa ya sura ya zamani ya soko ikaondoka nayo.

Aidha historia inawaunga mkono wanaosema kwamba kuhama si kufa. Soko la matunda la Covent Garden lilihamia Nine Elms mwaka 1974 na linaendelea. Soko la samaki la Billingsgate, ambalo jengo lake la kale pia ni la Jones, lilihama mwaka 1982. Paris ilihamishia Rungis soko lake kuu la Les Halles mwaka 1969, kisha ikafanya kosa ambalo imelijutia tangu hapo: ilibomoa mabanda ya chuma ya Victor Baltard, likabaki moja lililohamishiwa Nogent-sur-Marne. Rungis imekuwa soko kubwa mno. Tumbo la jiji ndilo lililoachwa na shimo.

Tofauti ni kwamba katika mifano hiyo yote soko jipya lilikuwa tayari kabla la zamani halijafungwa. Kura ya Novemba 2024 ilifuta soko jipya kwanza. Kwa takriban mwaka mzima wafanyabiashara hawakuwa na anwani ya kwenda, hali iliyowafanya wengine waanze kufikiria kuchukua fidia na kustaafu. Mwishoni mwa mwaka 2025 ndipo yalipotangazwa makubaliano ya kuhamishia masoko ya nyama na samaki pamoja katika eneo la Albert Island, kwenye Royal Docks, mashariki mwa London. Eneo hilo linategemea vibali na ujenzi, na kalenda ya 2028 haina nafasi ya uzembe.

Kikwazo kingine kiko bungeni. Kwa kuwa Smithfield ni soko kwa mujibu wa sheria, City haiwezi kulifunga kwa azimio la baraza lake pekee. Inahitaji sheria mpya ya kuiondolea wajibu huo, na muswada wa kufanya hivyo uliwasilishwa Novemba 2024 mara baada ya kura. Muswada wa namna hiyo huwapa watu wanaoathirika haki ya kupeleka malalamiko mbele ya kamati ya wabunge. Ni mahali pachache mno katika mchakato huu mzima ambapo mwenye bucha wa mtaa wa mbali, asiye mpangaji wa Smithfield na asiye na fidia yoyote, anaweza kuuliza atanunua wapi nyama yake.

Kwa upande wa majengo ya kati, City imesema yatakuwa kituo cha utamaduni na biashara kilicho wazi kwa umma. Haijaeleza kama sehemu yoyote, hata kibanda kimoja, itatengwa kwa kodi nafuu kwa ajili ya muuza nyama. Mwenye nyumba ni yeye, wala hahitaji kununua vyumba kama Semaest ilivyofanya Paris. Hadi jibu litakapopatikana, malori yataendelea kuingia barabara ya Charterhouse Street usiku wa manane, yakirudi nyuma polepole kati ya mapipa ya ujenzi wa makumbusho na milango ya soko ambalo bado linauza nyama.